"Waive" si kusamehe: neno lililomkwamisha mpagazi mezani kwangu

MamaKopi (mleta mada)

Habari za jioni wanajukwaa. Nina steshenari hapa Moshi, hatua chache kutoka stendi kuu. Kazi zangu ni kopi, kuchapa barua, kuskani vyeti, na miaka ya karibuni watu wananiletea fomu za Kiingereza niwasomee. Mimi si mwanasheria. Nilifundisha Kiingereza sekondari miaka 12 kabla ya kununua mashine yangu ya kwanza ya kopi, ndiyo maana mtaani bado wananiita mwalimu.

Alhamisi iliyopita aliingia kijana mmoja mpagazi, viatu bado vina vumbi la mlimani, karatasi mbili kazikunja ndani ya kofia ya sufu. Kampuni anayotaka kupanda nayo msimu huu imemtaka asaini kwanza ndipo aingizwe kwenye orodha. Akaniambia, "Mwalimu, huku kwingine nimejikongoja nimeelewa. Nisaidie hiki kipengele cha saba." Kidole chake kilikuwa juu ya neno moja: "waives". Nyuma yake kulikuwa na foleni, nikamjibu harakaharaka: "Hapo unasema unaisamehe kampuni madai yoyote yatakayotokana na kuumia au kuugua mlimani."

Akanyamaza. Akaiangalia ile karatasi tena, halafu akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa nawasamehe vipi na hawajanikosea bado?"

Wanajukwaa, sikuwa na jibu. Nilimwomba aniachie karatasi arudi Jumatatu, na tangu siku hiyo neno hili limeninyima usingizi. Yule kijana hajui Kiingereza, lakini sikio lake la Kiswahili lilisikia kosa ambalo mimi nimekuwa nikilifanya miaka yote. Kusamehe kunataka kosa liwepo kwanza. "Waive" halitaki kosa lolote. Linataka kitu kimoja tu, uwe na kitu chako mkononi, kisha wewe mwenyewe ukiachie.

Nimepekua kamusi kubwa zote nilizonazo. Neno hili liliingia kwenye Kiingereza karibu mwaka 1300 kupitia Kifaransa cha Wanormani, wale walioitwaa Uingereza mwaka 1066 na kufanya lugha yao kuwa lugha ya mahakama. Maana yake ya mwanzo ni kutelekeza. Lina ndugu yake, "waif", ambalo siku hizi ni mtoto asiye na kwao, lakini zamani lilikuwa neno la sheria la mali isiyo na mwenyewe. Mfano wao mkubwa ulikuwa huu: mwizi anakimbizwa, anaona anakaribia kukamatwa, anatupa alichoiba. Kile kilichotupwa njiani kiliitwa hivyo, na kikawa cha mfalme au cha bwana wa eneo lile. Nani hajaona jambo hili stendi? Kijana kabanwa na umati, kibegi kinarushwa chini ya Coaster, na mbio zinaendelea mikono mitupu.

Kuna lililonigusa zaidi. Katika Uingereza ya zama zile, mwanamume aliyekimbia mahakama alitangazwa kuwa yuko nje ya sheria. Mwanamke hakutangazwa hivyo. Waliokuwa wakiapishwa kuingia kwenye vikundi vya kudhaminiana mbele ya sheria ni wanaume tu, kuanzia miaka 12, na mtu asiyeingizwa ndani huwezi kumtoa nje. Basi mwanamke mtoro likatumika kwake neno hili hili, "waived". Ametelekezwa, hana wa kumdai wala wa kumtetea. Nimefikiria sana kwamba kitenzi tunachokisaini leo kwa kalamu ya jero kiliwahi kumhusu mwanamke aliyeachwa njiani na sheria nzima.

Baadaye mahakama zikalihamisha kutoka kutelekeza mtu na mali hadi kutelekeza haki. Hapo ndipo lilipo mpaka sasa.

Nawaomba mnisaidie. Mwenye Kiswahili kizuri cha neno hili alete, Jumatatu kijana anarudi.

Mgumu wa Machame

Mwalimu asante kwa uzi huu, umenigusa. Nimebeba mzigo miaka tisa kabla ya kuwa mwongozaji msaidizi, na karatasi za namna hiyo nimesaini sijui ngapi. Getini wanapima begi kwa mizani, kilo 20 mwisho, kila mtu anaona mshale wa mizani. Karatasi hakuna anayeipima. Unapewa saa 12 asubuhi, gari linaunguruma, wenzako wameshapanda, ukisema usome kwanza unaonekana mkorofi.

Sisi tulikuwa tukiambiwa ni "fomu ya kujua hatari". Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Kujua kwamba kambi ya Barafu, kule juu Kilimanjaro, kuna baridi na hewa nyepesi ni kitu kimoja. Kukubali kwamba nikivunjika mguu pale sitadai ni kitu kingine.

Binti Pasua

Mimi naomba kuuliza la kijinga. Kwani "wave" ya kupunga mkono siyo hiyo hiyo? Simu yangu ilinitafsiria kupunga.

Mwalimu wa Rau

Si la kijinga hata kidogo binti, yanatamkwa sawasawa, weivu. Kupunga mkono na mawimbi ni "wave", neno la Kiingereza cha kale kabisa, halikupitia kwa Wafaransa. "Waive" ya mada hii imepitia huko, na wachunguzi wengi wanaona nyuma ya Kifaransa kuna lugha za Skandinavia. Kuna la tatu, "waver", kusitasita au kuyumba, hilo limetoka Skandinavia. Wanafunzi wangu wanayachanganya yote matatu, na nikiwa mkweli hata barua za maofisini nimeona "the fee has been waved", kana kwamba ada imepungiwa kwaheri.

Kuhusu matumizi: kitenzi hiki kinataka yambwa, yaani kile kinachotendwa, na yambwa yake ni haki, ada, sharti, kanuni au kinga. Huwezi "kuweivu" mtu. Halihitaji "off" nyuma yake, ingawa kwetu hapa na kwa Wahindi imezoeleka kusema "waive off". Ukiandika barua rasmi acha "waive" lisimame peke yake.

Sasa niwape utamu mmoja ambao Mswahili ataufurahia kuliko Mwingereza. Mtu akiona "waiver" anadhani ile -er ni ya mtendaji, kama "teacher". Sivyo. Wanasheria wa Kinormani walichukua kitenzi chao katika umbo lake la kutajia, wakalitumia vilevile kama jina. "Dinner" na "supper" zimezaliwa hivyo hivyo, na "disclaimer" pia. Kumbe walifanya jambo tunalolifanya kila siku: kusoma ni kuzuri, kufa kwake kulituumiza, kuacha kwake kazi kulitushangaza. Ku- yetu ndiyo -er yao ile. Kwa hiyo "waiver" kwa Kiswahili cha moja kwa moja ni "kuachia", jina kabisa. Hatuhitaji hata kuunda neno jipya.

MamaKopi (mleta mada)

Mwalimu mwenzangu, umenifungua macho. Na hilo "kuachia" ndilo lililokuwa likinizunguka kichwani tangu jana. Nilikuwa Mbuyuni nanunua ndizi za mtori, nikampa mama noti, chenji ikawa inapelea mia tano. Mama akaanza kuhangaika kwa jirani, nikamwambia, "Hiyo jero nakuachia mama." Nikasimama palepale na kikapu mkononi. Ile jero ni yangu, najua ni yangu, naweza kuidai, hakuna aliyenikosea, nami naiacha kwa hiari. Kila kitu kinachotakiwa kwenye "waive" kilikuwa ndani ya maneno yale manne.

Hata mkubwa akiacha cheo tunasema ameachia ngazi.

Mwana wa Majengo

Dada MamaKopi, assalaam alaykum. Nakubaliana nawe kwa sehemu, ila usikitupe "kusamehe" haraka hivyo. Kwetu Waislamu mahari ni haki ya mke, si ya mumewe wala baba yake. Mke akimwachia mumewe mahari iliyobaki, watu wanasema "amemsamehe mahari", na hapo hakuna kosa lolote lililofanyika. Qur'ani katika sura ya wanawake, aya ya nne, inaamuru wanawake wapewe mahari yao, na wao wakitoa chochote kwa ridhaa ya nafsi zao mume anaruhusiwa kukila. Ridhaa ya nafsi, angalia sharti hilo. Mke akilazimishwa, kusamehe huko si kusamehe.

Na neno lenyewe kwa Kiarabu lina maana ya ukarimu na kuruhusu. "Samahani" tunayosema kila saa ni kumwomba mtu awe mkunjufu nasi, si lazima tuwe tumemkosea. Ukimwambia mtu "samahani, nipishe" umemkosea nini?

MamaKopi (mleta mada)

Waalaykum salaam kaka. Umenirudisha kwenye mstari, na nakubali. Nilikosea kusema kusamehe kunataka kosa. Naona sasa kunataka mtu wa kusamehewa, yaani upande wa pili kuna mwenye deni au mwenye kosa. Mume anadaiwa mahari, basi anasamehewa. Lakini chuo kikisema sharti la kuwa na alama fulani limekuwa "waived" kwa mwombaji mmoja, nani anadaiwa nini? Hapo ukisema "wamesamehe sharti" sikio linakataa. Utasema wamelegeza sharti, au hawakulishikilia.

Na kwa kijana wangu hatari iko hapo hapo. Kampuni haidaiwi chochote leo. Ukimwambia "samehe", anajisikia mtu mwema, anasaini kwa moyo mweupe. Ukimwambia "achia", lazima aulize: naachia nini? Nataka aulize.

Lile la ridhaa ya nafsi nimeliandika kwenye daftari langu.

Mkalimani wa Njiro

Naingia kutoka Arusha. Miaka mingi nimefanya kazi za ukalimani na uchapaji kuzunguka AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, enzi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama mwezi Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa 2015. Lugha za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, na neno hili lilikuwa chakula chetu cha kila siku.

Kanuni ya 42 ya mahakama ile ilisema mtuhumiwa hahojiwi bila wakili wake kuwepo, isipokuwa yeye mwenyewe kwa hiari ameiachia haki hiyo. Ndugu zangu, kulisoma jambo hilo ni rahisi. Kulisema kwa mtu anayekutazama machoni ni kazi nyingine. Ukisema "amekataa wakili", umemfanya mbishi. Ukisema "hana haja na wakili", umemsemea fikra zake. Mimi nilikuwa nasema: "Una haki ya wakili. Haki hiyo ni yako. Je, unaiachia?" Sentensi tatu kwa neno moja, na sijutii hata moja.

Wamarekani walilinyoosha vizuri mwaka 1938 katika shauri la Johnson na Zerbst. Johnson alikuwa askari wa kikosi cha majini, akashtakiwa kwa noti bandia za dola 20, akahukumiwa bila wakili. Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikasema kuachia haki ni kuiacha kwa kukusudia haki unayoijua. Pande zote mbili lazima ziwepo, kuijua na kukusudia. Mtu aliyekaa kimya kwa kutojua hajaachia kitu.

Halafu kuna kinga, yaani ulinzi wa kutoshtakiwa, na hapa mleta mada naomba uwe makini, maana "kuachia" hapafai kila mara. Chini ya mkataba wa 1946, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ana haki na wajibu wa "kuweivu" kinga ya mtumishi pale anapoona kinga hiyo ingezuia haki kutendeka. Kiswahili tunasema kuondoa kinga, au mtumishi ameondolewa kinga, na ni sahihi, kwa sababu kinga haikuwa mali ya mtumishi. Aliyeiachia ni Umoja wa Mataifa. Kwa mabalozi vilevile: mkataba wa Vienna wa 1961, ibara ya 32, unasema nchi iliyomtuma ndiyo inayoachia, na lazima iseme wazi. Tena nchi ikiachia kinga ya balozi kushtakiwa kwa kesi ya madai, haihesabiki kwamba imeachia na kinga ya kukamatiwa mali baada ya hukumu. Hiyo wanataka iachiwe peke yake. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri mimi hujiuliza kwanza mwenye nayo ni nani.

Kijana wa Kikapu

Wakubwa shikamooni. Mimi nimekutana na neno hili kwenye mpira wa kikapu. Timu ya NBA ikimwacha mchezaji wanasema "waived". Anakaa saa 48, timu nyingine yoyote inaweza kumchukua pamoja na mkataba wake. Isipotokea ya kumchukua anakuwa huru. Nilikuwa sielewi kwa nini wanatumia neno la kisheria, ila baada ya hadithi ya mwizi na kibegi nimeelewa. Mchezaji ametupwa njiani, anayemtaka amwokote. Hiyo si ndiyo maana ya zamani kabisa?

Mwalimu wa Rau

Marahaba mdogo wangu. Ndiyo hiyo. Umeona mbali. Na hilo nililosema juu kwamba huwezi "kuweivu" mtu, nalirudisha. Michezoni wameirudia maana ya kale bila kuitafuta.

Binti Pasua

Kwa hiyo ile habari ya chanjo za korona, "waiver" ya Geneva, nayo ni kuachia?

Mkalimani wa Njiro

Ndiyo binti. India na Afrika Kusini waliomba Oktoba 2020 kwamba nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zilegezewe wajibu wa kulinda hataza, yaani haki za wagunduzi, za dawa na chanjo za korona. Uamuzi ulipatikana tarehe 17 Juni 2022, mwembamba kuliko ombi, ukahusu chanjo tu. Pale mimi ningesema kulegeza sharti. Hataza hazikufutwa.

Mgumu wa Machame

Narudi kwenye karatasi ya kijana, maana ndiyo iliyotuleta hapa. Wageni wetu kutoka Uingereza nao husaini fomu zao kabla ya kupanda. Mmoja, mzee wakili, aliniambia njiani kwamba kwao tangu sheria ya 1977 biashara haiwezi kutumia mkataba au tangazo kujivua wajibu wa kifo au majeraha yaliyosababishwa na uzembe wake. Usaini usisaini, hiyo haiachiliki. Nilipoteremka nikaanza kuuliza na huku kwetu. Kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 iliyoanzisha Mfuko wa Fidia, na anayechangia mfuko huo ni mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Mwambie kijana kabla ya kushika kalamu aulize kama kampuni imesajiliwa huko na kama jina lake litakuwamo. Na aende ofisi ya kazi, kuuliza ni bure.

MamaKopi (mleta mada)

Nawashukuru wote, kila mmoja kwa nafasi yake. Niongeze moja lililonikaa usiku wa jana, halafu niwaambie ilivyokuwa leo.

Mwaka 1362 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba mashauri yasemwe mahakamani kwa Kiingereza, kwa sababu Kifaransa kilikuwa hakieleweki kwa watu. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Na wanasheria wakaendelea kuandikiana Kifaransa chao kwa zaidi ya miaka 300, ndiyo maana hadi leo mpagazi wa Moshi anakutana na neno lao kwenye kipengele cha saba. Sisi mwaka 2021 tulibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Nilifurahi sana siku ile. Lakini mikataba ya mitaani, hii ya kusainiwa juu ya boneti la gari, bado inakuja kwa Kiingereza, na wanaoitafsiri ni watu kama mimi, wenye foleni nyuma ya mteja. Ndiyo sababu nimeona aibu ya lile jibu langu la Alhamisi, na ndiyo sababu nimewasumbua.

Kijana amekuja leo saa tatu. Nilikuwa nimemchapia karatasi zote mbili kwa Kiswahili, herufi kubwa kidogo. Kipengele cha saba nimekiandika hivi: "Mimi mpagazi ninajua kwamba nikiumia au nikiugua kazini nina haki ya kudai. Haki hiyo ni yangu. Kwa kusaini hapa ninaiachia kwa hiari yangu, na sitaidai kwa kampuni."

Alikisoma kwa sauti, taratibu, mara mbili. Nikamweleza na habari ya Mfuko kama Mgumu alivyoshauri. Akaomba nimtolee kopi tano, wenzake wanamsubiri kwenye kijiwe cha bodaboda nao wamepewa fomu hiyo hiyo. Alipotaka kulipa nilimwambia hela ya kopi namwachia. Akacheka, akasema, "Hiyo sasa nimeielewa mwalimu." Kalamu aliyokuja nayo akairudisha mfukoni, akaondoka na karatasi zake bila kusaini.